Historia ya Kizimba cha Kinyonga

Kaeni vizuri, fungueni madaftari yenu, na kalamu ziwe tayari, kwa maana leo kuna miaka mingi ya kuandika. Somo letu ni la historia. Lakini hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Tutasoma habari za sanduku. Ni sanduku ambalo watu wamemtilia kinyonga tangu zamani, wakitaka kumfuga nyumbani kama mtu afugavyo kasuku au chiriku.

Najua wengine wenu mmeanza kuguna. Mama mmoja huko nyuma anamwambia jirani yake, "Kinyonga? Mimi mdudu huyo simsogelei hata kwa fimbo ndefu!" Basi kwanza tuondoe hofu. Kinyonga, ambaye wengine humwita lumbwi, si mdudu. Ni mnyama wa jamii ya mijusi. Hana sumu. Akikasirika hujifura, hufoka, hufungua kinywa, na akishikwa kwa nguvu aweza kuuma, lakini meno yake hayamdhuru mtu mzima. Watu wengi wa Afrika humchukia kwa sababu ya hadithi ya kale, isemayo kwamba alitumwa kuwaletea wanadamu habari ya uzima wa milele, naye akatembea pole pole mno mpaka mjumbe mwingine akamtangulia na habari ya kifo. Kwa hadithi hiyo vinyonga wengi wamepigwa mawe. Hadithi ni mali ya wazee wetu na ina mahali pake, lakini leo tunasoma historia.

Swali letu ni hili: kwa nini kwa muda wa mamia ya miaka karibu kila kinyonga aliyefugwa alikufa upesi? Na watu walijifunzaje, hatua kwa hatua, kumtengenezea nyumba ifaayo?

Tuanze mbali. Zaidi ya miaka 2300 iliyopita alikuwako Mgiriki mmoja aitwaye Aristotle, aliyezaliwa mwaka 384 kabla ya kuzaliwa Kristo. Mtu huyu aliandika juu ya wanyama wengi, na kinyonga akiwamo. Alimtazama kwa makini sana. Aliandika kwamba macho yake ni makubwa na ya mviringo, yamefunikwa na ngozi, na katikati pana tundu dogo la kuonea. Tena kwamba macho hayo huzunguka pande zote. Aliandika pia kwamba mnyama huyu hubadili rangi. Mtu yeyote wa kijijini aliyemwona kinyonga juu ya ua atakubali kwamba Aristotle alisema kweli.

Baada yake akaja Mrumi, jina lake Pliny, aliyekufa mwaka 79 wakati mlima wa moto wa Vesuvius ulipolipuka. Pliny aliandika kitabu kikubwa cha habari za viumbe. Humo akasema kwamba kinyonga hali wala hanywi. Chakula chake ni hewa tu.

Andikeni jambo hilo na mlipigie mstari, maana hapo ndipo shida ilipoanza. Watu wa Ulaya waliuamini usemi huo kwa zaidi ya miaka 1500. Hata Shakespeare, yule mtunzi wa michezo wa Uingereza, katika mchezo wake uitwao Hamlet, ulioandikwa karibu na mwaka 1600, anamtaja kinyonga kuwa ni mnyama alaye hewa. Watazamaji walimwelewa mara moja, kwa kuwa kila mtu alilijua neno hilo.

Je, waliamini kwa sababu walikuwa wajinga? La, tusiwacheke. Fikirini wenyewe. Kinyonga hukaa juu ya tawi saa nzima bila kutikisika. Anapowinda, ulimi wake hutoka na kurudi upesi kiasi kwamba jicho la mtu haliuoni sawasawa. Ulimi huo waweza kufika mbali mara moja na nusu, hata mara mbili, ya urefu wa mwili wake bila mkia. Mtu akikonyeza jicho tu, nzi hayupo tena! Tena kinyonga aweza kukaa siku nyingi bila chakula na asife. Na akitishwa hujijaza hewa mpaka ubavu unatuna kama mfuko. Sasa mtu amwonaye hali kitu, naye anavimba kwa hewa, atasemaje? Atasema ameshiba hewa.

Lakini tazameni matokeo yake. Mtu aaminiye kwamba mnyama wake hula hewa atamjengea kizimba cha namna gani? Atamtia ndani ya kikapu, amtundike ukutani, na kumwacha hapo. Hatamletea panzi wala maji. Kinyonga atakonda pole pole, macho yatadidimia, na siku moja ataonekana amekauka juu ya kijiti. Mwenyewe atashangaa, kwa sababu hewa ilikuwa tele.

Mwaka 1646 daktari mmoja wa Uingereza, Thomas Browne, alitoa kitabu cha kuchunguza mambo ambayo watu huyaamini bila kuyapima. Juu ya kinyonga aliuliza maswali ambayo hata mtoto angeweza kuyauliza. Ikiwa mnyama huyu hula hewa, meno ni ya nini? Ulimi mrefu vile ni wa nini? Tumbo na matumbo ni ya nini? Tena watu waliompasua walikuta nzi na wadudu wengine tumboni mwake. Mimi napenda sana njia hii ya kufikiri. Browne hakuwa na chombo chochote cha ajabu. Alitazama viungo vya mnyama na kuuliza kila kimoja kina kazi gani.

Baadaye wataalamu wa Paris, Ufaransa, walipata kinyonga hai aliyeletwa kutoka Misri. Mmoja wao, Claude Perrault, mwaka 1669 alichapisha maelezo ya viungo vyake vyote, pamoja na ule ulimi wake. Mjini Paris penyewe alikuwako bibi mmoja mwandishi mashuhuri, Madeleine de Scudéry. Katika miaka ya 1670 aliletewa vinyonga kutoka Alexandria, akawaweka nyumbani kwake, na mwaka 1688 akachapisha habari zao. Yeye hakutaka kuwapasua. Alitaka kuishi nao na kuwaona wakiwa hai. Ndiyo maana katika historia ya kizimba naona jina lake lastahili kukumbukwa, ingawa vitabu vingi humtaja kwa riwaya zake tu. Lakini, ndugu zangu, Paris ni mji wa baridi. Mnyama wa Misri, aliyezoea jua la kila siku, atafanyaje katika chumba cha Paris mwezi wa Januari? Kujua kwamba kinyonga anakula hakukutosha. Ilibaki kujua habari ya joto, ya mwanga na ya maji.

Sasa turuke mpaka karne ya 19. Waingereza walijifunza kutengeneza masanduku ya kioo ya kuoteshea mimea ndani ya nyumba. Mwaka 1849 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya kwanza duniani iliyojengwa kwa ajili ya nyoka, mijusi na jamaa zao. Watu wa kawaida wakapenda kuiga. Mwaka 1897 Gregory Bateman alitoa kitabu kizima cha kuwafundisha wenzake jinsi ya kujenga na kutunza masanduku ya namna hiyo. Nyoka wengi hustahimili sanduku la kioo. Kobe mdogo aweza kustahimili. Kinyonga naye akatiwa humo humo, kwa kuwa watu walidhani kila mnyama mwenye magamba ana mahitaji sawa na mwenzake.

Hapa ndipo historia inapofika milimani kwetu.

Mwaka 1896 mtaalamu wa jumba la makumbusho la London, Boulenger, aliandika habari za kinyonga wa Kenya ambaye dume lake lina pembe tatu usoni kama kifaru mdogo. Alimpa jina la Frederick Jackson, Mwingereza aliyekuja kuwa gavana wa Uganda. Basi mpaka leo Wazungu humwita kinyonga wa Jackson. Makao yake ni nyanda za juu za Kenya, na wa jamii yake wako pia katika Mlima Meru, Tanzania. Huonekana hata katika bustani na nyua za Nairobi. Tofauti na vinyonga wengi, jike lake halitagi mayai bali huzaa watoto hai, mara nyingi kati ya 8 na 30 kwa mkupuo mmoja.

Wenzetu wa Nairobi, Limuru, Nyeri, na ninyi wa Arusha, mwajua hali ya usiku wa huko. Mtu hulala na blanketi mbili. Asubuhi nyasi zimelowa umande, ukungu umefunika migomba. Jua likitoka, kinyonga hupanda mpaka ncha ya tawi, hugeuza ubavu wake kwenye jua, huwa mweusi ili ashike joto, kisha akiisha kupata moto hurudi rangi ya majani na kuanza kuwinda. Maji yake hulamba kutoka kwenye majani, tone kwa tone. Bakuli la maji yaliyotulia hataliangalia hata akifa kwa kiu, kwa maana juu ya mti hakuna bakuli.

Sasa mchukueni mnyama huyo, mtieni katika sanduku la kioo huko Ulaya au Marekani. Wekeni taa juu ili asione baridi. Wekeni bakuli la maji. Fungeni kifuniko. Mwafahamu mmefanya nini? Mmemjengea tanuru. Joto halina pa kutokea. Hewa yenye unyevu imesimama, na mapafu yake huanza kuugua. Katika kioo anaona kinyonga mwingine, kumbe ni kivuli chake mwenyewe, naye hukaa kila siku katika hali ya kugombana. Na kiu yamuua karibu na bakuli lililojaa. Maelfu ya vinyonga wa Afrika walikufa hivyo katika karne ya 20, na wengi wao walikuwa na wenyewe waliowapenda kwa moyo.

Nitawaeleza sasa kisa kimoja cha mwaka 1972. Andikeni: 1972, visiwa vya Hawaii, katika bahari ya Pasifiki, nchi ya Marekani. Mwenye duka moja la wanyama wafugwao, mahali paitwapo Kaneohe katika kisiwa cha Oahu, aliagiza vinyonga wa Jackson kadhaa kutoka Kenya. Safari ilikuwa ndefu. Walipofika walikuwa wamekonda na kukauka kwa kiu. Yule mtu akawahurumia. Akawatoa katika masanduku, akawaachia katika bustani ya nyumba yake wapate nguvu, akidhani kwamba mnyama atembeaye pole pole namna ile hawezi kwenda mbali. Pole pole wakaenda.

Kaneohe ni mahali pa mvua na miti mingi. Hakuna nyoka wa mitini wa kuwala kama huku kwetu. Vinyonga wakazaana, wakaenea, na baadaye watu wakawachukua mpaka visiwa vingine. Leo ni wenyeji wa huko. Jambo hilo laweza kuonekana la kufurahisha, lakini sikilizeni upande wa pili. Hawaii ina konokono wazuri wa mitini ambao hawapatikani popote pengine duniani. Aina za Oahu zimekuwa katika orodha ya wanyama walio hatarini tangu mwaka 1981. Mwaka 2010 wataalamu walichapisha habari kwamba walikuta konokono wa asili ya Hawaii katika matumbo ya vinyonga hao. Konokono aliyekaa visiwani tangu zamani za kale hakuwa na namna ya kumkimbia mgeni mwenye ulimi wa manati. Serikali ya huko imeweka sheria kuzuia watu wasiwahamishe vinyonga kisiwa kwa kisiwa.

Jambo kama hilo limetokea kwa kinyonga wa Yemeni, yule mwenye upanga mrefu kichwani. Huyo ndiye anayefugwa kwa wingi kuliko wengine huko Ulaya na Marekani, kwa kuwa amezoea kuzaliana kizimbani. Mwaka 2002 alionekana akiishi porini huko Florida, na mwaka huo huo katika kisiwa cha Maui, Hawaii. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba kizimba ni cha kumlinda mnyama peke yake.

Turudi kwenye kizimba chenyewe, maana hapa pana mengi.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 wafugaji walianza kuachana na kioo. Wakatengeneza kizimba cha wavu, mfano wa kabati la chakula lile lenye wavu wa kuzuia nzi ambalo wengi wenu mnalo jikoni. Hewa hupita pande zote. Kipimo kidogo kabisa kwa kinyonga mkubwa ni sentimeta 45 kwa 45 kwa chini, na kimo cha sentimeta 90. Kilicho bora ni sentimeta 60 kwa 60, na kimo cha 120, yaani karibu kifuani mwa mtu mzima. Angalieni: kimo ni kikubwa kuliko upana. Nyoka hupewa sanduku refu la kulala chini; kinyonga hupewa kizimba kirefu cha kwenda juu, kwa kuwa yeye hupanda akitaka joto na hushuka akitaka baridi. Tena kizimba kikiwekwa chini sakafuni hukaa na hofu daima. Kikiinuliwa juu ya meza, akawa anawatazama watu kutoka juu, hutulia.

Ndani huwekwa vijiti vya unene wa kidole, vingine vya kulala, vingine vya kusimama, ili miguu yake yenye vidole vilivyogawanyika kama koleo ipate pa kushika. Huwekwa pia mmea hai katika chungu, wenye majani mengi, kama hibiski au mti mdogo wa jamii ya mkuyu. Majani hayo yana kazi tatu: hushika matone ya maji, humpa kivuli, na humpa mahali pa kujificha. Mnyama asiye na mahali pa kujificha hawezi kupumzika, hata akishiba. Maji hunyunyizwa asubuhi na jioni. Wengine huchukua kopo, wakalitoboa tundu dogo sana kwa sindano chini yake, wakaliweka juu ya kizimba ili lidondoe tone moja moja juu ya majani. Kifaa hicho hakina gharama, na nadhani kimeokoa vinyonga wengi kuliko dawa zote.

Taa huwekwa nje, juu ya wavu, wala si ndani. Kinyonga akiweza kuifikia taa ataikumbatia, naye haoni upesi kwamba anaungua. Kwa kinyonga wa Jackson, mahali pa kuotea joto patosha kuwa na digrii 27 au 29 za sentigredi. Kwingine kizimbani pawe na ubaridi zaidi, na usiku joto lishuke mpaka 18 au hata chini ya hapo, kama kwao mlimani. Yule wa Yemeni hutaka joto zaidi. Ndiyo maana nasema hakuna kizimba kimoja cha vinyonga wote, kama vile hakuna nyumba moja ifaayo Lamu na Nyeri.

Habari ya taa ina historia yake. Kwa miaka mingi vinyonga waliofugwa ndani ya nyumba walipata mifupa laini. Miguu ilipinda, taya zikawa kama mpira. Wafugaji waliwapa panzi na nyenje kwa wingi lakini ugonjwa haukukoma. Sababu ni kwamba katika jua kuna mionzi isiyoonekana kwa macho yetu, na kwa mionzi hiyo mwili hutengeneza vitamini D. Bila vitamini hiyo mwili hauwezi kutumia madini ya chokaa kujengea mifupa. Ni jambo lile lile liletalo matege kwa watoto. Kioo cha dirisha huizuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo, hivyo kinyonga aliyewekwa dirishani aliona mwanga lakini hakupata faida yake. Baadaye zikatengenezwa taa maalumu zitoazo mionzi hiyo. Na mwaka 2003 wataalamu wa Texas, Marekani, walichapisha jambo la ajabu: kinyonga wa Madagaska aliyepungukiwa vitamini D katika chakula alijiweka kwenye mionzi kwa muda mrefu zaidi kuliko yule aliyeshiba vitamini. Yaani mnyama mwenyewe alijua kipimo chake. Kazi ya mfugaji ilikuwa kumwekea jua na kivuli, kisha kumwachia achague.

Pamoja na taa, wadudu hunyunyiziwa unga wa chokaa maalumu kabla ya kupewa kinyonga. Wadudu waliookotwa katika shamba lililopigwa dawa ni sumu kwake. Na jike la aina itagayo mayai hutaka ndoo au beseni la mchanga wenye unyevu, wa kina cha sentimeta 20 au 30, kwa maana hutaga kwa kuchimba. Hata jike lisilokutana na dume laweza kuwa na mayai. Likikosa mchanga hukaa nayo tumboni mpaka likafa.

Mtauliza, je, wawili waweza kukaa pamoja wasione upweke? Hapana. Hili ndilo kosa lifanywalo na watu wenye huruma. Kinyonga si mbuzi. Madume wawili hupigana, na hata kuonana tu kwa mbali huwafanya waache kula. Mmoja, kizimba kimoja.

Na ile rangi? Wengi bado husema kwamba kinyonga hugeuka rangi ya kitu alichokanyaga. Ukimweka juu ya kitambaa chekundu, ati awe mwekundu. Si kweli. Rangi hubadilika kwa joto, kwa hasira, kwa hofu na kwa kutaka mwenzi. Mwaka 2015 wataalamu wa Geneva, Uswisi, walieleza kwamba katika ngozi ya kinyonga wa Madagaska mna fuwele ndogo mno zisizoonekana kwa jicho, na kwamba mnyama akizisogeza au kuziachanisha, mwanga unaorudi hubadilika rangi. Kwa mfugaji, rangi ni kama uso wa mtu. Kinyonga mweusi mchana kutwa ni mgonjwa, au anaona baridi, au ana hofu.

Haki inataka niseme pia kwamba katika nchi zenye majira makali ya baridi wafugaji wengine wamerudi kwenye kioo, lakini kioo cha siku hizi kina matundu ya hewa chini na wavu juu, ili hewa ya moto ipande na ya baridi iingie. Kumbe kosa halikuwa kioo chenyewe. Kosa lilikuwa hewa iliyofungiwa.

Tumalizie na biashara. Vinyonga hawa wote walitoka wapi? Wengine walizaliwa kizimbani, lakini kwa miaka mingi wengi walikamatwa porini. Tanzania, Madagaska na Togo zilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza nje kwa wingi. Katika milima kama Usambara vijana walitoka usiku na tochi, kwa sababu kinyonga akilala ngozi yake huwa nyeupe nyeupe na humetameta kwenye mwanga. Mnyama ambaye babu aliogopa kumtaja sasa aliletea nyumba pesa ya sukari. Mnunuzi wa mwisho, ng'ambo, alilipa mara nyingi zaidi ya hiyo, na kijana wa mlimani hakuiona.

Mwaka 1973 mataifa yalitia sahihi mkataba mjini Washington juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, nao ukaanza kutumika mwaka 1975. Vinyonga wa kawaida waliingizwa katika orodha yake ya pili mwaka 1977, yaani hawauzwi nje ila kwa kibali. Kenya ilisimamisha biashara ya kuwauza nje vinyonga wa Jackson mwaka 1981. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Ndani ya nchi pia kuna sheria, ya Tanzania ni ya mwaka 2009 na ya Kenya ni ya mwaka 2013, na mtu hana ruhusa ya kumkamata mnyama wa porini na kumfungia bila kibali. Kwa hiyo msikilizaji asitoke hapa na kwenda kukata wavu. Ukitaka kumwona kinyonga akila, panda ua la miti hai kuzunguka nyumba yako, usilipige dawa, ungoje.

Vinyonga wengine hawana hata ua la kukimbilia. Wanaishi katika msitu wa mlima mmoja tu duniani, na msitu huo ukikatwa hawana kwingine. Mwaka 2006 wataalamu walikusanya baadhi ya vinyonga wa misitu ya Afrika Mashariki katika kundi moja na kulipa jina la Kinyongia. Jina hilo la kitaalamu, linaloandikwa katika vitabu vya dunia nzima, limetoka katika neno letu la Kiswahili. Mwaka 2009 likaongezwa jina jipya katika kundi hilo, kinyonga wa msitu wa Magombera katika bonde la Kilombero. Alipatikana kwa bahati: mtafiti mmoja alimshtua nyoka msituni, nyoka akamtema kinyonga aliyekuwa kinywani, naye mtafiti akatazama na kuona ni wa aina asiyoijua.

Basi kazi ya juma hili ni fupi. Muulizeni mzee mmoja wa kijiji chenu jina la kinyonga katika lugha yenu ya nyumbani, na hadithi anayoijua juu yake. Iandikeni kwa Kiswahili kwa mistari kumi, na chini yake mwandike ni mti gani mlikomwona kinyonga mara ya mwisho, na mwaka gani. Mwalimu wa darasa atakusanya madaftari siku ya Ijumaa. Kwaherini.